Nyumba Yangu, Ardhi Yako

Ukimuuliza mtu wa Pwani, "Nyumba hii ni yako?" anaweza kukujibu ndiyo. Ukiendelea, "Na ardhi?" akakujibu hapana, bila wasiwasi wowote. Mgeni hudhani amesikia vibaya. Huku kwetu ni kawaida. Kuanzia Majengo kule Mombasa mpaka mitaa ya ndani hapa Mtwapa, watu wamejenga kwenye ardhi ya mtu mwingine, kwa ruhusa yake, na kila mwezi wanamlipa kodi ya kiwanja. Inaitwa nyumba bila ardhi.

Mamangu anayo moja. Vyumba sita vya udongo na mabati: viwili tunakaa, vinne amepangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu, na wapangaji walipopungua ndiyo iliyonirudisha nyumbani mwaka wa pili. Mzee aliyempa mama ruhusa ya kujenga amefariki. Watoto wake wanataka kuuza. Kwa hivyo swali ninalouliza hapa si la darasani: mtu aliyejenga kwa jasho lake juu ya ardhi isiyo yake, tena kwa ruhusa, anadai nini?

Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ina jibu fupi: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ukiambiwa uhame, pengine utaachiwa ubebe mabati na milango. Kuta hazibebeki.

Lakini mwenye ardhi aliipata vipi? Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi, ule wa Sultani wa Zanzibar, wapeleke madai yao yaandikishwe. Waliozijua ofisi na karatasi wakapata hati. Wamijikenda wengi hawakupata. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, hati hizo zikaendelea kuheshimiwa. Sisemi kila mwenye hati ni mwizi. Wengine walinunua kwa pesa halali, na wengine ni wajane ambao kodi ya viwanja ndiyo chakula chao. Ninachosema ni kwamba hati inakwambia nani aliandikwa. Nani alistahili kuandikwa ni swali jingine.

Sasa angalia hili. Sheria ya Kenya inasema ukikaa kwenye ardhi ya kibinafsi waziwazi miaka 12 mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, unaweza kwenda mahakamani kuomba uandikishwe wewe. Neno lenyewe ni *bila ruhusa*. Aliyevamia, akakaa kimya na kukataa kulipa, anaweza kupata ardhi. Aliyebisha hodi, akapewa ruhusa na kulipa kila mwezi hapati kitu, kwa sababu kila risiti ni ushahidi kwamba alijua ardhi ni ya mwingine. Mama ameweka risiti zake zote kwenye mkebe wa biskuti. Uaminifu wake ndio unaomponza.

Rafiki yangu mmoja alinipinga, na hoja yake ina uzito. Alisema: "Kama kumpa mtu ruhusa kunamaanisha siku moja atachukua ardhi yako, nani atatoa ruhusa tena?" Kweli. Ukiadhibu ukarimu, maskini wa kesho atakosa hata pahali pa kusimika mwimo. Ndiyo maana sidai mama apewe ardhi. Nadai tuache kufikiri kwamba kuna mshindi mmoja tu.

Wazee wetu walijua kutenganisha. Pwani hii mtu huweza kumiliki mnazi kwenye shamba la mwenzake. Ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe, na anayetaka shamba tupu anamlipa mwenye minazi kwanza. Kazi ya mkono haimezwi na udongo. Tunasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali haisemi kwamba siku ya kuondoka aache na alichovuna.

Hili haliishii kwa mama peke yake. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hajengi cha kudumu, na mara nyingi mwenye ardhi mwenyewe humkataza kuweka mawe. Anakandika udongo, anachimba choo kifupi, hapandi mwembe. Mvua ya masika ikija, kuta zinamong'onyoka, choo kinafurika, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu. Halafu tunaitisha mikutano kuhusu miji inayostahimili tabianchi! Ustahimilivu huanza na mtu kuwa na sababu ya kuchimba msingi. Pale Jumba la Mtwana, kuta za mawe za karne ya 14 bado zimesimama, na nyumba moja yenye milango mingi inadhaniwa ilikuwa ya kulaza wageni. Walioishi kwenye udongo na makuti hawakuacha ukuta wa kuonyesha mtalii.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba asiye na hati anaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa, lakini kwenye ardhi ya umma. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, mama analindwa zaidi na ilani ya miezi mitatu kabla ya kufurushwa. Miezi mitatu kwa nyumba ya miaka thelathini.

Njia nyingine zipo. Kule Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, tangu miaka ya 1990 wakazi wamejaribu ardhi kushikwa na jamii kwa pamoja, kila mtu akamiliki nyumba yake. Kwa hapa kwetu nataka vitu vitatu tu: makubaliano yaandikwe; ardhi ikiuzwa, mwenye nyumba aulizwe kwanza; akishindwa kununua, alipwe thamani ya nyumba yake.

Wiki iliyopita mama aliniuliza kama achimbe choo kipya, kwa sababu cha zamani kimejaa. Fundi anataka pesa nyingi, na wapangaji hawawezi kungoja. Nimemwambia twende kwanza kwa watoto wa mzee, tukiwa na karatasi na kalamu.