Mwendo wa Aliye Dhaifu

Soma Mwanzo 33:12–14. Esau alimwalika Yakobo wasafiri pamoja. Kwa nini Yakobo hakukubali kwenda kwa mwendo wa ndugu yake?

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, ipo njia ya miguu iitwayo Monsal Trail, yenye urefu wa kilomita 14 hivi. Zamani ilikuwa reli. Ilifunguliwa mwaka 1863, na treni za kati ya Manchester na London zilipita hapo zikibeba abiria na mizigo. Wajenzi walitoboa mahandaki katika miamba, wakajenga daraja la mawe lenye matao matano juu ya bonde la mto Wye. Mwandishi John Ruskin aliilaumu kazi hiyo vikali. Kwake, bonde zuri lilikuwa limeharibiwa ili watu waokoe muda mfupi tu kati ya miji miwili jirani, Buxton na Bakewell.

Reli hiyo ilifungwa mwaka 1968. Mwaka 1981 ikafunguliwa tena kuwa njia ya watembeao, na mwaka 2011 mahandaki yake makubwa manne yakatengenezwa na kuwekewa taa ili watu wapite ndani. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia hiyo ni tambarare karibu mwanzo hadi mwisho. Wazee huiweza, na wenye viti vya magurudumu huiweza. Wengi huja na mbwa wao.

Tuseme mama mmoja mstaafu anatembea hapo na mbwa wake mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Amekusudia kufika mwisho wa njia kabla ya jioni. Lakini mbwa husimama kila mara. Hunusa jiwe, hunusa nyasi, hunusa nguzo ya uzio. Mama anavuta kamba. Mbwa anafuata hatua chache, kisha anasimama tena. Mbele ya handaki anaketi kabisa. Je, mama huyo afanye nini? Amburute? Amfunge hapo na kuendelea peke yake? Au aache safari aliyoipanga na kurudi?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa: mwenye nguvu na asiye na nguvu wanapotembea pamoja, mwendo uwe wa nani?

Yakobo alikuwa na jibu. Esau alikuwa amekuja na watu mia nne, wenye uwezo wa kwenda haraka. Yakobo alikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Alijua kwamba wakiharakishwa hata siku moja tu, wanyama watakufa. Kwa hiyo alimwomba ndugu yake atangulie, naye akachagua kuongoza polepole, kwa kadiri ya nguvu za wanyama na watoto. Angalia kwamba aliwataja wote pamoja. Jicho lililoona uchovu wa mtoto ndilo lililoona uchovu wa kondoo. Tena, soma Mwanzo 32:31. Yakobo mwenyewe alikuwa akichechemea. Mtu aliyeondoka Penieli akiwa kilema hakuhitaji kufundishwa kwamba si wote wawezao kwenda haraka.

Soma Hesabu 22:21–33. Punda wa Balaamu aliona nini ambacho bwana wake hakukiona?

Balaamu naye alikuwa na safari, na mnyama wake alisimama. Alimpiga mara tatu. Hakujiuliza kwa nini mnyama aliyemtumikia miaka mingi amekataa kwenda leo. Nabii aliyejulikana kwa maono hakuona kilichokuwa mbele ya macho yake, kwa sababu haraka ilimpofusha. Si kila mbwa aketiye njiani ameona malaika. Lakini huenda miguu inamuuma, au sakafu ya handaki ni baridi, au pua yake, ambayo hutambua harufu kuliko pua ya mwanadamu kwa mbali sana, imepata jambo ambalo mwenye kamba hawezi kulijua. Mbwa hawezi kusema, “Nimechoka.” Tena wako mbwa ambao kwa uaminifu wao humfuata bwana wao hata kupita nguvu zao. Basi aliyeshika kamba ndiye mwenye wajibu wa kutazama. Kadiri mtu anavyokuwa na uwezo juu ya asiyeweza kujitetea, ndivyo anavyodaiwa kuwa makini zaidi. Mithali 12:10 inauhesabu uangalifu huo kuwa alama ya mwenye haki.

Msomaji aweza kupinga. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa hulala nje na kulinda boma, na jina lake hutumiwa kumtukana mtu. Je, si anasa kumfikiria mbwa wakati watoto wa jirani wana njaa? Pingamizi hilo ni la haki, na Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu ana thamani kubwa kuliko kondoo (Mathayo 12:11, 12). Lakini angalia jinsi alivyojenga hoja yake. Hakuwalaumu waliomtoa kondoo shimoni siku ya Sabato. Alichukua huruma hiyo waliyokuwa nayo tayari, akawaonyesha kwamba ilipaswa kuendelea mpaka imfikie mtu mwenye mkono uliopooza. Kosa lao lilikuwa kwamba huruma yao iliishia kwa kondoo.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Yawezekana mtu akamsubiri mbwa wake kwa upole njia nzima, kisha akarudi nyumbani na kumfokea mama yake mzee kwa sababu anakula polepole. Yawezekana kiongozi wa kanisa akawahurumia wanyama, lakini akamvuta muumini mchanga kama kwa kamba, akitaka afikie kwa mwezi mmoja mahali ambapo yeye mwenyewe alifika kwa miaka kumi. Huruma kwa mnyama haiwezi kulipa deni la huruma kwa mtu. Lakini yaweza kuwa shule yake, kwa sababu mnyama hana cheo, hana shukrani za maneno, wala hawezi kumsifu mtu mbele ya watu.

Soma Kutoka 20:8–11 na 23:12. Ni nani wanaotajwa kuwa na fungu katika pumziko la Sabato?

Amri haikumpa pumziko bwana peke yake. Ilimtaja mtumishi, mgeni na mnyama. Mara moja kila juma, mwenye uwezo wa kuamuru mwendo huagizwa kuuachilia. Treni zilizopita Monsal zilifuata ratiba, na abiria aliyechelewa aliachwa. Reli ilistahili kufanya hivyo, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya reli. Lakini familia si treni, wala kanisa si treni.

Mama yule akigeuka na kurudi na mbwa wake, hatauona mwisho wa njia siku hiyo. Amepoteza kitu halisi, na si vema kusema kwamba hakupoteza. Yakobo naye alifika akiwa amechelewa. Lakini walifika wote.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni nani katika nyumba yako au darasa lako ambaye hawezi kusema kwamba amechoka? Utamtambuaje?

2. Je, kuna wakati ambapo ni lazima kumharakisha aliye dhaifu kwa usalama wake mwenyewe? Linganisha na Mwanzo 19:15, 16.

3. Mtu atajuaje kwamba huruma yake kwa wanyama imekuwa maficho ya kukwepa wajibu wake kwa wanadamu?