Nasaha kwa Wanaomnunulia Ndugu Yao Saa ya Kustaafu

Wanangu wa Kulesa, mlioko hapa kijijini na mlioko Garsen, Malindi, Mombasa na Nairobi, kuna tabia imeingia katika sherehe zetu nami siipendi. Mwalimu au muuguzi ametimiza miaka 60, amekabidhi ofisi, amerudi nyumbani. Turubai limefungwa chini ya mwembe, pilau inanukia, wakwe wamefika. Ndipo anainuka mdogo wake aliyetoka mjini, anashika kipaza sauti, anakiinua juu kiboksi cha saa kama dalali anayenadi mbuzi, na kabla hajamvisha kaka yake anatutajia bei. Vigelegele vinapigwa. Mstaafu mwenyewe anatazama chini.

Bei haitajwi. Haitajwi kwenye kipaza sauti, haitajwi jikoni kwa wanawake, haitajwi hata kwa mzaha wa "hiyo saa ni ng'ombe wawili hiyo." Ukishaitaja, kila atakaponyoosha mkono kupokea kikombe cha chai watu watakuwa wanasoma shilingi. Na yule dada yenu aliyekuja na kikapu cha mchele na mkungu wa ndizi, umemvua nguo mbele ya watu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: methali hii mnaijua tangu shuleni, mkaiandikia na insha. Sasa ifuateni.

Mchango nao una adabu zake. Siku hizi hufunguliwa kundi la simu, huwekwa orodha, na kila asubuhi mweka hazina huibandika upya: hawa wametoa, hawa bado. Huko ni kudai deni. Katika watoto wa tumbo moja yupo mwenye mshahara na yupo ambaye mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliingia shambani mwake, na hajasimama sawasawa tangu hapo. Mweka hazina mwenye akili humpigia kila mmoja kwa siri, huuliza kwa upole, hupokea hata kidogo kwa shukrani. Pengo huzibwa na mwenye nacho, naye hafungui mdomo. Saa ikitolewa hutolewa kwa jina la wote, mkubwa wenu ndiye anayeivisha, hata kama fedha nyingi zilitoka mfukoni mwa kitinda mimba.

Na kama paa la mstaafu linavuja, nunueni mabati kwanza. Mkupuo wa pensheni haufiki siku ya sherehe. Wengi wameungoja miezi.

Tuje kwenye kuchagua, maana hapo ndipo ninapoona fedha nzuri ikipotea. Kosa kubwa ni mtu kununua saa anayoitamani yeye. Kijana wa mjini hununua saa nene, nzito, yenye visaa vitatu vidogo ndani ya uso mmoja na vitufe pembeni, saa ya rubani, kisha humvisha mzee ambaye chombo chake ni mtumbwi. Mtazame ndugu yako. Mkono wake una ukubwa gani? Macho yake je? Mtu wa miaka 60 husogeza gazeti mbali ndipo asome, na wewe unamletea saa isiyo na tarakimu hata moja, vinukta vinavyometameta tu. Mchukulie uso mweupe, tarakimu kubwa, mishale myeusi iliyokolea. Hiyo ndiyo saa nzuri kwake, hata kama dukani walikuonyesha nyingine kumi zinazong'aa kuiliko.

Mkanda wa ngozi unapendeza kwenye kioo cha duka la Nairobi. Hapa bondeni jasho na unyevu huumaliza upesi, ukabaki unanuka. Chukua wa chuma kisichoshika kutu, nawe uupunguze pingili hukohuko dukani, usimwachie mzee saa inayocheza hadi kwenye kiwiko. Kioo kikiwa cha yakuti ni bora zaidi, kwani mchanga hukikwaruza kwa shida sana.

Jambo la maji lisikilizeni vizuri, maana sisi ni watu wa mto. Saa ikiandikwa mita 30 haina maana kwamba mtu anaweza kuzama nayo mita 30. Kipimo hicho hupatikana kwa shinikizo la maabara, na kwa matumizi ya kila siku kinamaanisha kunawa mikono na kunyeshewa kidogo. Anayeoga mtoni, anayepalilia mpunga maji yakiwa magotini, anayevuka kwa mtumbwi, mpeni iliyoandikwa mita 100. Wauzaji hawatawaeleza haya. Mmoja, katika mji ambao sitautaja, aliniambia kwa uso mkavu kwamba "30" ni idadi ya miaka itakayodumu.

Sasa mashine yake. Saa za betri, zinazoendeshwa na kipande cha kwatzi ambacho siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, zilianza kuuzwa Japani Desemba 1969, na kwa usahihi hazishindwi na saa za springi hata ziwe za bei gani. Wajuzi huzidharau na kusifu zile zinazojitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Ni kazi ya ustadi kweli, nami siibezi. Lakini fikirini: mstaafu wetu ataivaa saa yake nzuri Ijumaa akienda msikitini, au Jumapili akienda kanisani, na siku nyingine ataiacha sandukuni akienda shamba. Saa ya kujitia ufunguo ikikaa bila kuvaliwa huzimika baada ya siku mbili hivi. Kila wiki ataikuta imekufa, ataitikisa, atairekebisha, na mwishowe ataona mmemletea kazi. Tena saa hiyo baada ya miaka kadhaa hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta na fundi anayejua, naye fundi huyo hakai Garsen. Ya betri inatosha. Inayochajiwa na mwanga inatosha zaidi, kwani kitu kimoja ambacho hatujawahi kukosa hapa ni jua.

Dhahabu: kama kaka yako ni Mwislamu, usimletee. Mwanamume haivai. Kwetu mtoni familia moja ina Waislamu na Wakristo, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua.

Ya bandia usinunue kabisa. Kijana anakupitishia dirishani mwa basi saa yenye jina la Uswisi, bei ya kilo chache za nyama, nawe unajua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Afadhali saa ya kawaida yenye jina lake la kweli na risiti kuliko kumfanya mwalimu aliyefundisha uaminifu miaka yote atembee na uongo mkononi. Nani atachekwa fundi akiifungua mbele ya watu? Wewe utakuwa Nairobi.

Kuchora maneno mgongoni mwa saa ni jambo jema, ila chunga unachochora. Sultani Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex zenye alama ya jambia, akawatunuku watu waliomtumikia. Alama ilikuwa ya dola yake, na mtawala anayo nafasi hiyo. Wewe si mtawala. Nimeiona saa iliyochorwa jina la mtoaji kwa herufi kubwa na la mpokeaji kwa ndogo. Chora jina la ndugu yako, mwaka aliostaafu, basi. Na hakikisha tahajia ya jina kwenye karatasi kabla fundi hajashika chombo chake.

Nimebakiza moja, nalo linaniuma. Kaka akistaafu, ng'ombe huchinjwa na saa hununuliwa. Dada aliyezalisha nusu ya watoto wa kata hii akistaafu, hupewa doti ya leso na sufuria. Sufuria! Kwani yeye hakuamka usiku? Hakutembea na saa kifuani akihesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa? Mnunulieni saa kama mlivyomnunulia kaka, na isiwe kile kidude chembamba kama ushanga kinachoitwa saa ya kike, kwa maana macho yake yana umri uleule.

Awe kaka au dada, saa yake iwekeni katika wakati sahihi kabla ya kumvisha. Mkishamvisha, msimfuate na maswali ya mbona huivai. Akimpa mwanawe anayeanza kazi, mnyamaze. Akiiuza mtoto akilazwa hospitalini Ngao, mnyamaze vilevile, kisha mtume hela za hospitali, ambazo mlipaswa kuzituma kabla hajafikia kuuza.