Uaminifu wa Alfajiri

Msomaji mwenzangu, hivi mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa watu wasiomjua? Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Nami nikahamia huko, kwa macho tu. Februari 2011 wakampeleka Houston. Washkaji kijiweni wakanicheka: “Sasa umebaki na nani?” Nikabaki. Mimi siachi watu, nilijigamba.

Wakicheza usiku Memphis, kwetu ni alfajiri. Aprili ile Grizzlies, timu ya nane, waliing'oa San Antonio, vinara wa Magharibi, kwa 4-2. Niliona kwa jirani mwenye dishi. Zach Randolph alitia pointi 31 siku ya kumaliza kazi. Alikuwa hashikiki, bwana!

Narudi mbio, namkuta mama anatoka bombani, ndoo kichwani. Zamu ilikuwa yangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wameshinda?”

Nikampokea ndoo. Ilikuwa ya mwisho.

Randolph hakuhitaji nikeshe. Maandazi ya mama yalihitaji maji kabla ya saa kumi na mbili, na yeye hakuwahi kuniuliza nimebaki na nani.