Aonaye Yote Ndiye Aliyetuamuru Kupiga Hodi

Kuna swali linalonijia darasani na msikitini pia, na anayeliuliza huwa hafanyi mzaha. Ikiwa Mwenyezi Mungu anaona kila tunachotenda, gizani na mwangani, muumini anahitaji faragha ya nini? Mtu asiye na baya analolitenda ataogopa nini akichunguzwa simu yake?

Ninafundisha kompyuta katika sekondari moja hapa Tanga, na baada ya alasiri nasomesha watoto madrasa. Kwa hiyo swali hili linanipata pande zote mbili, na naamini linastahili jibu la dini kabla ya jibu la sheria.

Tuanzie maabara. Tukifika kwenye mada ya mitandao, naunganisha kompyuta chache, na katikati yake naweka moja inayofanya kazi ya ruta. Hiyo ya katikati naiwashia Wireshark, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita, na kuirusha ukutani kwa projekta. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa majaribio usio na ulinzi, wa HTTP tupu, anaandika jina la kubuni na nywila ya kubuni. Mistari inamiminika ukutani. Nabofya mmoja wenye neno POST, na pale chini nywila inatokea herufi kwa herufi, kama alivyoiandika. Darasa zima hunyamaza. Kisha tunarudia kwa HTTPS, yaani kwa ulinzi, jina lile lile na nywila ile ile. Safari hii zinaonekana alama zisizosomeka. Kilichobaki wazi ni mambo kama anwani mbili, ya kifaa kilichotuma na ya kile kinachopelekewa, pamoja na saa na ukubwa wa mzigo.

Nawataka wanafunzi waitazame picha hiyo kwa makini. Ujumbe unaotoka Tanga hukatwakatwa kuwa pakiti, nazo hupita ruta hii na ile, pengine zikashuka hadi kwenye mkongo wa baharini kama ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, mpaka zifike kwenye seva ya nchi nyingine. Njia nzima iko mikononi mwa watu usiowajua. Kila ruta inahitaji kusoma anwani, la sivyo haiwezi kuisogeza pakiti mbele. Kilichomo ndani haikihitaji kabisa. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya watu wawili wasiowahi kukutana kukubaliana ufunguo wa siri wa kufungia ujumbe, hata kama mtu wa tatu anasikiliza kila wanachotumiana. Ndiyo maana leo unaweza kutuma fedha kwa simu ukiwa umekaa kwenye Wi-Fi ya mkahawa. Katika ufundi wenyewe kuna mpaka kati ya kile anachopaswa kukijua anayekuhudumia na kile kisichomhusu.

Mpaka huo dini iliuweka zamani sana. Aya ya 27 ya Sura An-Nur inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat inakataza kupelelezana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa anayebisha mara tatu asijibiwe, arudi zake. Na siku mtu alipochungulia chumbani mwake kupitia tundu, alimkaripia vikali na kumweleza kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Hodi, basi, inazuia kuonekana sawasawa na inavyozuia kuingiliwa. Anayekufungulia simu akasoma ujumbe wako amechungulia tunduni, hata kama mguu wake haujavuka kizingiti.

Sasa nani aliyetoa amri hiyo? Ni yule yule ambaye hakuna ukuta unaomzuia. Kama kuona Kwake kungetosha kuifuta faragha ya waja, amri ya kuomba idhini isingekuwa na maana. Ameitoa akijua yaliyo nyuma ya kila mlango. Kwa hiyo stara haikuwekwa kati ya mja na Mola wake. Iliwekwa kati ya mja na mja mwenziwe. Wanafunzi wangu Wakristo hunikumbusha Nuhu, alipolala uchi hemani mwake. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume na vazi mabegani, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Ukweli wa hali yake waliujua, ila hawakuona kuwa kuujua kunawapa haki ya kuuangalia.

Nafika kwenye kiini cha jambo lenyewe. Mungu anapoona kosa, anaona pamoja nalo dhiki iliyolileta, majuto yaliyofuata na toba ya usiku wa manane. Kanzidata inaona kosa tu. Wakati mmoja simu yangu ilipokea ujumbe kutoka kwa wakopeshaji wa mtandaoni nisiowajua. Uliniambia kuwa mtu fulani, ukamtaja majina yake matatu, amekimbia deni na ameniweka mimi kuwa mdhamini, nimshauri alipe kabla hatua hazijachukuliwa. Nilimfahamu mama huyo, mwanawe nilimfundisha. Hakuwahi kuniomba udhamini wowote. Programu ya mkopo ilikuwa imeomba kuona orodha ya majina kwenye simu yake, akabonyeza kukubali, na siku aliposhindwa kulipa, kila jina likatumiwa ujumbe: shemeji, jirani, mwalimu, mama wa kikoba. Nilipomuona hakuzungumzia kiasi cha deni. Alisema, “Mwalimu, deni nitalipa, lakini hao watu nitawatazamaje?”

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakitoa huduma bila leseni. Ni hatua njema. Lakini leseni haiwezi kurudisha heshima iliyokwisha kuvunjwa. Yule mama hakuwa na uovu wa kuficha, alikuwa na shida ya kustiriwa. Na hapa ndipo hoja ya “sina cha kuficha” inapoanguka, kwa kuwa mwenye kuisema anajipima kwa siku zake za neema na kuisahau siku atakayokuwa na maradhi, deni, au mtoto aliyepotea njia.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito zaidi: na wahalifu je, nao wastiriwe? Wanazuoni husimulia kuwa Khalifa Umar alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti za anasa nyumbani kwa mtu. Akaparamia ukuta, akamkuta ana pombe. Yule mtu akamjibu kwamba kama yeye ametenda kosa moja, khalifa ametenda matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlangoni, tena ameingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha. Mtu yule alikuwa na hatia, na mtawala wa dola nzima alikuwa na ushahidi machoni pake, ila njia ya kuupata ilikuwa haramu. Kisa hiki hakisemi wahalifu waachwe. Kinasema anayewatafuta naye yuko chini ya sheria. Polisi wana taratibu za kisheria za kupekua, na kila hatua ya utaratibu huo inamzuia mwenye nguvu asiparamie ukuta.

Sheria zetu zinasimama hapo hapo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaunda Tume ya kuisimamia. Nawafundisha wanafunzi misingi yake: taarifa zikusanywe kwa haki na kwa lengo linalojulikana, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, ziwe sahihi, zisikae kuliko inavyohitajika, na zilindwe. Mhusika ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe. Mwanafunzi aliyelelewa kujua kwamba amana haitumiwi nje ya ruhusa ya aliyeiweka, misingi hiyo haimshangazi.

Wa kwanza kuivunja amana hiyo huwa ni sisi wenyewe, tena bila nia mbaya. Tunapeleka kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp stationery ikatolewe kopi, na hatuulizi lini kitafutwa kwenye ile simu. Tunasambaza picha ya mgonjwa kwenye kundi la ukoo ili aombewe dua, naye yuko kitandani, hajaulizwa. Tunafungua simu ya mtoto wa kike kwa jina la malezi, tunasahau kwamba Sura An-Nur, aya ya 58 na ya 59, inafundisha hodi hata ndani ya nyumba moja.

Madrasa kwetu tuliipitia upya fomu ya uandikishaji pamoja na wanafunzi wangu wakubwa. Iliuliza dhehebu la mzazi, kazi yake, kama wazazi wameachana na kwa sababu gani. Kwa kila safu niliwauliza: tukijua hili, tutamhudumia mtoto kwa lipi? Pasipokuwa na jibu, walipiga mstari. Tukabaki na jina, umri, simu ya mlezi, na ugonjwa unaohitaji tahadhari. Mzee mmoja wa kamati alitushutumu kuwa tunaficha habari. Nikamwambia, “Mzee wangu, hizo habari Mungu anazo. Sisi hatukuagizwa kuzikusanya.” Wapo kati ya vijana wale watakaokwenda kutengeneza mifumo ya hospitali, benki na serikali. Nawataka waulize swali lile lile kila watakapoongeza safu, kwa kuwa Siku ya Hesabu hawataulizwa wangaliweza kuona mangapi. Wataulizwa waliyatazama kwa idhini ya nani.