Mahubiri ya Mama

Je, mama asiyepanda mimbarini anaitangazaje imani? Paulo alipomwandikia Timotheo aliikumbuka imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hakutaja hotuba yao hata moja.

Huku kwetu Kenyamonta mahubiri ya namna hiyo yana gharama. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini msimu wa kukeketa ukifika mwezi Desemba, sheria huwa mbali na mama mkwe yuko mlangoni. Mimi humsongea ugali, akala akashiba, ndipo humwambia kwa heshima: mjukuu wako Mungu alimwumba mzima, naye atabaki mzima. Huondoka amenuna. Binti yangu, aliye jikoni, amesikia yote.