Kamba ya Kuku Ina Ncha Mbili

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii nilifundishwa darasani kwamba mtu aliyefika ugenini hutambulika tu. Maana yake ya wazi, ile ya kuku na kamba, niliiona siku moja ya Agosti nilipowapeleka kuku wangu watatu kwa jirani.

Kwetu ni Bulembia, katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori. Mama yangu anafanya biashara ndogo katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, na siku nyingi za wiki hulala Bwera. Mimi nilikuwa narudi chuoni Kampala. Nyumba ingebaki na kufuli. Nikawatia kuku kwenye tenga, nikapanda nao hadi kwa bibi mmoja mjane ambaye shamba lake liko juu ya letu. Akamfunga kila mmoja mguu kwa kamba ya mgomba, karibu na banda lake.

“Siku nne tu, mjukuu wangu,” aliniambia. “Wakishajua kwamba hapa ndipo wanapolala, nitawafungua.”

Nilimwahidi kwamba kila mwezi ningemtumia kwa simu pesa ya pumba za mahindi. Nilituma mara moja. Mwezi wa pili nilikuwa na deni la pango, na mwezi wa tatu, kusema kweli, nilisahau. Mtihani ulipokaribia nikazima simu ili nisome.

Nilipoiwasha nilikuta kwamba Bibi alinipigia mara tatu. Mdondo ulikuwa umeingia kijiji cha jirani. Kama wafugaji wajuavyo, ugonjwa huu hauna tiba, na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ipo, tone moja tu jichoni, lakini huuzwa katika kichupa chenye dozi nyingi, na kikishafunguliwa hakikai. Kwa hiyo majirani huchanga na kuwachanja kuku wao siku moja. Bibi hakuwa na mchango. Tena alikuwa anadaiwa kwenye mashine ya kusaga kwa pumba ambazo kuku wangu walikuwa wamekwisha kula. Akamuuza kuku mmoja, akalipa deni, akatoa mchango, na wale wawili wakapona.

Aliyeuzwa ni Kishingo. Yeye nilimlea tangu alipobaki kifaranga peke yake baada ya mwewe kuwachukua ndugu zake. Alikuwa akiitika sauti yangu na kulala chini ya kiti nikisoma. Bibi alimchagua kwa sababu ya msingi kabisa: wakati ule ndiye pekee asiyetaga.

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba Bibi amevunja amana. Swali la insha hii lilianzia hapo. Mtu anapomkabidhi mwingine kiumbe hai amtunzie, ni wajibu gani unaohama na ni upi unaobaki kwake?

Jibu la kwanza lililonijia ni la mali. Kuku ni wangu, na asiye mwenye mali hana ruhusa ya kuuza. Lakini hoja hii inanigeukia. Kama Kishingo ni mali tu, basi mali hulipika kwa mali, na Bibi alikwisha kuahidi kunipa tetea mwingine wa umri uleule. Ningepaswa kuridhika, lakini sikuridhika. Maana yake ni kwamba mimi mwenyewe sikuamini hoja yangu. Nilichokuwa nalilia si thamani ya kuku sokoni.

Jibu la pili ni la amana. Ukipewa sanduku ulihifadhi, uaminifu wako ni kutoligusa. Libaki kama lilivyokuja. Kuku hahifadhiwi hivyo. Kila siku anahitaji mtu aamue: alale wapi, ale nini, aachwe aatamie siku zake 21 au anyang’anywe mayai, achanjwe au asichanjwe. Asiyeruhusiwa kuamua hawezi kutunza. Kwa hiyo anayekabidhi kiumbe hai, atake asitake, hukabidhi pamoja naye madaraka ya kuamua. Nilitaka Bibi abebe kazi yote, huku uamuzi ukibaki mikononi mwangu, ndani ya simu iliyozimwa. Hilo haliwezekani, na si haki.

Je, basi wajibu wote ulihamia kwake? Nadhani hapana. Katika mafundisho ya Kiislamu kuna kisa mashuhuri cha mwanamke aliyelaumiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Kisa hiki kinanifundisha kwamba kosa halikuwa kufunga peke yake. Anayemzuia kiumbe kujitegemea amejitwika deni la kumtegemeza. Kuku wangu hawakuchagua kuhama wala kufungwa kamba. Mimi ndiye niliyefanya maisha yao yategemee ahadi yangu. Kamba ile ilikuwa na ncha mbili: moja mguuni mwa kuku, na nyingine, ingawa nilikuwa Kampala, mkononi mwangu.

Kwa hiyo nadai kwamba kukabidhi hakumalizi wajibu, bali hubadilisha umbo lake. Nilikuwa na kazi ya kulisha, nikabaki na kazi tatu nyingine: kumwezesha mtunzaji, kumwambia ninayoyajua na nisiyoweza kuyavumilia, na kupatikana anaponihitaji. Zote tatu nilishindwa. Sikumwambia hata siku moja kwamba Kishingo kwangu si kuku kama wengine. Angejuaje?

Msomaji anaweza kunipinga kwamba haya ni makubwa mno kwa kuku. Bonde letu limeona mafuriko ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, wakati Nyamwamba ulipobomoa nyumba na hospitali ya Kilembe, na watu wengi wakaishia kambini. Nani aliuliza habari za kuku usiku ule?

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, lakini naona linathibitisha ninachosema. Aliyekimbia maji na mtoto mgongoni, akawaacha kuku bandani, hana lawama, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuchagua. Mimi nilikuwa na likizo nzima ya kupanga. Tena nilikuwa na simu. Mafuriko humwondolea mtu wajibu kwa sababu humwondolea uwezo. Shughuli za chuo hazina nguvu hiyo.

Pia si kweli kwamba jambo hili linahusu kuku tu. Kila anayeondoka huacha kitu nyuma, na kitu hicho huangukia mikononi mwa mtu fulani. Kwetu mtu huyo mara nyingi ni bibi, au mtoto aliyebaki nyumbani. Tunasema “niangalizie” kana kwamba kuangalia ni kazi ya macho tu. Mzigo wa kuku wangu ulibebwa na mwanamke mwenye pesa kidogo kuliko mimi, naye alinipigia kuniomba radhi.

Linabaki swali la Kishingo mwenyewe. Ninakula nyama ya kuku, na Krismasi ile nilikula. Siwezi kudai kwamba kila kuku ana haki ya kutouzwa. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mmoja nilimfundisha kuitegemea sauti yangu, kisha sauti yangu haikuwapo. Bibi alitimiza wajibu wake kwa wale wawili. Deni la Kishingo ni langu, na aliyenidai hawezi tena kulipwa. Sina hoja ya kuliondoa.

Kabla ya kurudi chuoni muhula uliofuata, nilikaa na Bibi tukapanga upya. Nilimwachia pesa ya pumba na ya chanjo mkononi, nikampa namba ya mama yangu. Vifaranga wakianguliwa, nusu ni wake. Nikamwambia ni tetea yupi nisingependa kumkosa. Naye akaniambia ambacho sikuwahi kumuuliza: kwamba kuku wangu hufukua maharage yake, na kwamba nikiwapo nyumbani nitamjengea uzio. Palipobaki pa kuamua, tulikubaliana kwamba ataamua yeye, na mimi sitamlaumu.

Uzio niliujenga kwa siku mbili. Nilipomaliza nikamletea kuku kwenye tenga, nikauliza ziliko kamba. Alicheka, akafungua tenga. Wote wawili walitoka, wakaelekea moja kwa moja bandani kwake.