Mwongo Aliyemuuliza Buu Swali

Cell, adui anayetishia kuiangamiza dunia, anampiga kofi moja tu, na Mr. Satan, bingwa wa dunia, anaruka nje ya ulingo hadi kwenye majabali. Anapoinuka anawaambia waandishi wa habari kwamba aliteleza. Wale wengine wanaopaa angani na kutoa mwanga viganjani, anasema, ni watu wa kiini macho. Watoto hapo hucheka mpaka wakashika mbavu, na mtunzi alikusudia wacheke. Akira Toriyama, aliyeanza kuichora Dragon Ball mwaka 1984 na kuimaliza 1995, alimjaza mtu huyu kila dalili ya kichekesho: nywele za kutimka, masharubu, mkanda wa ubingwa kiunoni, na sauti inayotangulia kufika kabla ya mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga, na katuni hii nimeitazama yote pamoja na mpwa wangu, sehemu baada ya sehemu, kwa sababu baba mmoja alinijia akilalamika kwamba wanawe wanamwita Shetani shujaa. Nilimwelewa. Jina ni zito. Katika hadithi yenyewe ni jina la ulingoni tu, na Toriyama alikuwa na mazoea ya kuchezea majina. Hata binti wa bwana huyu, Videl, jina lake limepatikana kwa kupanguapangua herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya ibilisi. Televisheni za Marekani zenyewe ziliona taabu, zikambatiza Hercule. Lakini jina silo lililonikalisha macho. Kilichonikalisha ni swali ambalo watu wa dini wamelihangaikia tangu zamani: mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya uongo, wema ukitoka mikononi mwake, ni wema wa kweli?

Kwanza deni lake lisemwe wazi. Cell aliuawa na Gohan, mtoto aliyempoteza baba yake siku ileile. Mr. Satan alisimama mbele ya dunia akasema ni yeye aliyemuua. Wanazuoni wetu wametaja mahali pachache ambapo kusema lisilo kweli kumeruhusiwa: vitani, katika kusuluhisha waliogombana, na baina ya mume na mke. Hili lake halimo. Ni uongo wa kujitafutia cheo, na cheo akakipata. Mji ukapewa jina lake. Miaka saba baadaye, kwenye fainali ya shindano la dunia, anakutana na mwanamke aitwaye Namba 18 anayejua ukweli wote. Anamwambia ulingoni kwa sauti ya chini kwamba atamwachia ushindi akilipwa zeni milioni 20, yaani mara mbili ya zawadi ya bingwa. Analipa. Sehemu hiyo huchekesha sana, nami huipenda kwa jambo jingine: inaonyesha kwamba uongo ule wa zamani bado ulikuwa unadai malipo.

Imam Ghazali ameiandikia riya, yaani kutenda jambo ili uonekane na usifiwe na watu, kitabu kizima ndani ya Ihya, na hakuandika kutoka mbali. Mwaka 1095 aliiacha kazi ya kufundisha kwenye madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, kazi iliyokuwa kilele cha heshima kwa mwanachuoni wa zama zake, kwa sababu alipoichunguza nia yake aliona inatafuta sifa na jina. Akatoka, akaenda Sham, akakaa peke yake. Huyo ndiye mtu aliyeliogopa jambo ambalo Mr. Satan amelifanya kiti chake. Kwa mizani ya Ghazali, bingwa wetu hana la kujitetea.

Lakini Ghazali huyohuyo anafundisha kwamba nia si jambo la mara moja. Riya inaweza kuingia kabla ya tendo, katikati ya tendo, au baada yake. Mtu huanza sala kwa ajili ya Mungu, akapita mgeni, sala ikawa ya mgeni. Mimi nauliza kinyume chake. Je, mtu hawezi kuanza jambo kwa nia mbaya, ikhlasi ikamwingia katikati?

Hapo ndipo Buu anapohusika. Majin Buu ni kiumbe mnene wa rangi ya waridi, mwenye akili za mtoto mdogo na uwezo wa kuiteketeza sayari. Anageuza watu kuwa peremende na kuwala. Wenye nguvu wamekwisha kumjaribu: Vegeta, mmoja wa mashujaa, amejilipua mwenyewe ili afe naye, tendo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na Buu akajiunga upya. Goku, shujaa mkuu wa katuni, amepigana naye kwa kiwango kipya cha nguvu, naye hakummaliza. Sasa wanafundishwa watoto wawili mbinu ya kuungana wawe mtu mmoja, kwa kuwa hakuna aliyebaki na wazo jingine zaidi ya nguvu kubwa zaidi.

Mr. Satan anakwenda nyumbani kwa Buu akiwa muuaji. Tusimpambe. Amebeba chokoleti yenye sumu na mchezo wa mkononi uliotegwa bomu. Buu anaila chokoleti na kuifurahia. Mchezo unamlipukia, naye anafurahi vilevile. Basi bingwa wa dunia, kwa woga mtupu, anageuka mtumishi. Anapika, anamwogesha Buu, anasubiri nafasi. Ndani ya nyumba ile hakuna wa kumshangilia.

Kisha kinatokea kitoto cha mbwa ambacho hakikimbii. Buu, aliyezoea kuona kila kiumbe kikimkimbia, anastaajabu, mpaka anapoona kwamba mguu wa kitoto hicho umeumia. Anakiponya, ili kiweze kukimbia kama wengine. Kikishapona, hakikimbii, kinamrukia na kumlamba. Katika hali hiyo, Mr. Satan anamuuliza Buu kwa nini anaua watu na kubomoa nyumba zao. Buu anajibu kwamba Bibidi na Babidi, wachawi waliomtawala, walimwambia afanye hivyo. Mr. Satan anamwambia kuua ni vibaya. Buu anasema basi ataacha.

Nilimsimamisha mpwa wangu pale akarudisha nyuma, tukaitazama tena. Katika mlolongo wote wa mapambano yale, ni nani mwingine aliyekaa na Buu akamuuliza sababu? Mashujaa wana uwezo wa kuhisi nguvu ya adui aliye upande wa pili wa dunia, lakini uwezo huo unawaambia nguvu tu. Haukuwaambia kwamba kiumbe hiki hakijawahi kufundishwa na mtu yeyote kwamba kuua ni kosa. Mr. Satan hana uwezo huo. Hana silaha iliyobaki, hana mahali pa kukimbilia. Amebakiwa na ulimi, na safari hii ulimi wake umesema kweli.

Tena pana mbwa. Sisi wa pwani, wafuasi wa Imam Shafi, mbwa tunamkaa mbali. Akikugusa akiwa na maji, utaosha mara saba. Nilipoona kitoto kile kinabebwa kifuani, nilikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kahaba wa Bani Israil aliyemwona mbwa akihema kwa kiu kando ya kisima. Alivua kiatu chake, akakitekea maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masimulizi hayo hayaelezi kwamba alitubu kwanza hadharani, wala kwamba alikuwa na watu wa kumsifu. Tendo moja, kisimani, baina yake na mnyama ambaye hawezi kumlipa. Nimewasomesha wanafunzi hadithi hiyo mara nyingi, na daima huona baadhi yao wakikunja uso, kama kwamba rehema imekwenda nyumba isiyostahili.

Amani ile nyumbani kwa Buu haikudumu. Watu wawili wenye bunduki wanampiga risasi mbwa kwa kujifurahisha. Mr. Satan, ambaye kwa binadamu wa kawaida ni mpiganaji hodari kweli, anawapiga. Mmoja anarudi na kumpiga risasi yeye. Buu anawaponya wote wawili, mbwa na rafiki yake, lakini hasira inayomtoka inajitenga na kuwa Buu wa pili, mwovu, anayemmeza yule mwema. Maangamizi yanayofuata sitayasimulia. Itoshe kwamba Dunia yenyewe inalipuka, na Goku, katika nukta ya mwisho, ananyakua waliokuwa karibu naye na kutoweka nao: Dende, mlinzi wa Dunia, Mr. Satan na mbwa. Wanawe mwenyewe wanabaki nyuma.

Ni katika ulimwengu wa Kaioshin, miungu wa katuni hii, mbali na Dunia, ndipo yanapojulikana matunda ya swali lile. Buu mwovu, sasa akiwa katika umbo lake la asili lisilo na huruma hata chembe, anamkabili Mr. Satan amuue, na hawezi. Kitu ndani yake kinakataa. Ni yule Buu mnene, aliyemezwa, anayemkumbuka rafiki yake. Mwovu hana budi kumtapika nje ndipo aendelee na uharibifu wake, na yule mnene anainuka kumlinda Mr. Satan kwa mwili wake.

Halafu inakuja hoja ngumu kuliko zote, na hapa sikubaliani na wapenzi wa katuni hii wanaoipita kwa vigelegele. Watu wa Dunia wamefufuliwa. Goku anataka kukusanya nguvu zao kuwa tufe moja, Genki Dama, na kila mtu anatakiwa ainue mikono tu. Vegeta anawaita, hawamwamini. Goku anawasihi, wanahofia sauti ngeni inayotoka mawinguni. Ndipo Mr. Satan anapowapigia kelele kwa hasira, na dunia nzima inainua mikono, kwa kuwa sauti hiyo wanaijua. Wanaijua kwa sababu ya uongo. Kumbe ule uongo ndio ulioiokoa dunia?

Hapana. Kilichoiokoa dunia ni kwamba mwenye jina alilitumia, mara moja, kwa jambo lisilomhusu yeye. Uongo ulimpa masikio ya watu. Masikio hayo yangeweza kutumiwa kwa lolote, na kwa miaka saba yalitumiwa kwa karamu na mikanda. Anayesema uongo ulikuwa mzuri kwa kuwa matokeo yalikuwa mazuri amemsahau Gohan, aliyenyang'anywa haki yake, na amewasahau watu wa Dunia, waliofundishwa kumdharau kila aliyewapigania. Wangeujua ukweli tangu siku ya Cell, pengine wangemsikiliza Goku alipowaita. Uongo wa Mr. Satan ndio uliofanya sauti yake iwe ya lazima.

Katika nchi aliyotoka Toriyama, watu wamelitafakari jambo hili kwa namna yao. Shinran, mtawa wa Kibuddha aliyeishi kati ya 1173 na 1263, alifukuzwa mji mkuu mwaka 1207 pamoja na mwalimu wake Honen. Alifundisha kwamba anayejitegemea kwa wema wake mwenyewe yuko mbali zaidi na wokovu wa Buddha Amida kuliko yule anayejua kwamba ni mwovu na hana uwezo. Mwanadamu haokoki kwa nguvu yake, anaokoka kwa nguvu ya mwingine. Sisemi kwamba Toriyama alikusudia kuhubiri hayo. Alikuwa mtu wa kuchekesha na kuburudisha. Lakini tazama mwisho wake. Goku, mwenye nguvu kuliko wote, anafika mahali ambapo nguvu yake haitoshi, naye anaomba. Anayeweza kuiomba mikono ya watu ni yule ambaye amejua miaka yote, moyoni, kwamba yeye si kitu mbele ya Cell wala Buu. Mimi ni Mwislamu, na njia ya Shinran si njia yangu. Hata hivyo kunyenyekea kwa mtu aliyekwisha kuujua udhaifu wake nakutambua.

Kuna jambo moja ambalo watazamaji wengi hulipita upesi. Baada ya vita, mashujaa wanataka Buu mnene aishi kwa amani nyumbani kwa Mr. Satan, lakini watu watamwogopa. Kwa hiyo Shenron, joka linalotimiza maombi, anaombwa awafutie watu wa Dunia kumbukumbu zote za Buu. Zinafutwa. Maana yake ni kwamba tendo pekee kubwa ambalo Mr. Satan alilifanya kweli halijulikani tena na umma. Mjini kwake wanamshangilia kwa ajili ya Cell, jambo ambalo hakulifanya. Kuhusu Buu, hawana wanachokumbuka. Ghazali aliyakimbia macho ya watu ili tendo lake lipate kuwa safi. Huyu tendo lake limeondolewa machoni pa watu bila yeye kukimbia popote. Sijui katuni nyingine iliyolitenganisha tendo na sifa zake kwa ukamilifu namna hii.

Yule baba aliyenijia nilimjibu hivi, na ninawajibu wazazi wengine hivyohivyo. Kuhusu Cell, Mr. Satan ana deni kwa Gohan na hajalilipa, na watoto waambiwe hivyo bila kufichwa. Kuhusu Buu, alifanya wema, na wema ule ni wake. Msizime televisheni kwa sababu ya jina. Kaeni na watoto wenu mpaka mwisho wa kisa cha Buu, kisha waulizeni kwa nini Buu aliacha kuua, na muwape muda wa kujibu.